Kamati ya Fedha ya Halmashauri: nani anapitisha hela zetu na ajira zetu?



Ukienda mkutano wowote wa hadhara Kakola, Bugarama au Lunguya, swali la kwanza ni lile lile: hela za mgodi zinaenda wapi? La pili linafuata hapo hapo: na ajira za halmashauri wanapewa akina nani? Diwani anajibu, mtendaji anajibu, mgeni rasmi anajibu, halafu watu wanatawanyika kila mmoja na swali lake.

Mimi ni kijana niliyemaliza sekondari, sio mwanasheria. Ila nimekaa sana kwenye viti vya nyuma vya ukumbi nikisikiliza madiwani, na kitu kimoja nimekiona wazi. Maswali hayo mawili yanapita mlango mmoja, unaoitwa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Wengi tunalijua Baraza la Madiwani kwa sababu linatangazwa redioni. Kamati hii hatuijui, wakati mambo mengi yanayosomwa Barazani yameshaamuliwa humo wiki kadhaa kabla.

Najua wengine mnasoma hapa kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo nimepanga kwa vichwa. Nenda kwenye kinachokuhusu.

Kwanza, sisi tuko halmashauri gani?

Hapa watu wanachanganya sana. Mgodi wa Bulyanhulu uko Kakola, Mkoa wa Shinyanga, Wilaya ya Kahama. Zamani wote tulikuwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kahama. Baadaye, kwenye miaka ya 2012 na 2013, ikagawanywa mara tatu: Mji wa Kahama (ambao tangu 2021 ni Manispaa), Ushetu na Msalala. Sisi wa Bulyanhulu, Bugarama, Lunguya, Segese mpaka Isaka tuko Msalala, makao makuu Ntobo.

Mwaka 2012 pia ndio Mkoa wa Geita ulianzishwa, na jirani zetu wa Nyang'hwale wakaenda huko. Lakini dhahabu haijui mpaka wa mkoa. Mwamba unaingia upande wa pili, na ndiyo maana ushuru wa mgodi huu unagawanywa kati ya Msalala na Nyang'hwale. Kwa hiyo ukienda kumlilia diwani wa Manispaa ya Kahama kuhusu zahanati ya Kakola, unapoteza nauli tu.

Halmashauri hizi zina historia pia. Serikali ilizifuta mwaka 1972 ilipoleta mfumo wa madaraka mikoani, halafu zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Za wilaya kama yetu zinaendeshwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka huo, na mambo ya fedha yako kwenye Sheria Namba 9. Zimerudi ili wananchi waamue mambo yao kwa kupitia watu waliowachagua. Hilo tulishike, maana chini tutalihitaji.

Kamati yenyewe ni ya nani?

Halmashauri ya wilaya ina kamati za kudumu tatu kubwa. Kuna Elimu, Afya na Maji. Kuna Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Na kuna hii ya Fedha, Uongozi na Mipango. Zipo na nyingine kama ya Maadili na ya Kudhibiti UKIMWI.

Hizo mbili za mwanzo hukaa kila robo mwaka. Ya Fedha hukaa kila mwezi. Hapo tu unapata picha ya nani ana nguvu. Mwenyekiti wake ni Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe, wajumbe ni madiwani, na katibu ni Mkurugenzi. Wakuu wa idara, yaani mweka hazina, afisa mipango, afisa utumishi na wenzao, wanaingia kama wataalamu. Wanaeleza na kujibu maswali, lakini hawapigi kura.

Wajumbe hupewa kabrasha. Hilo ni rundo la karatasi lenye agenda, muhtasari wa kikao kilichopita, taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi, na maombi yanayosubiri uamuzi. Diwani aliyelisoma kabrasha usiku na diwani anayelifungulia kikaoni sio watu sawa. Wa kwanza anauliza kwa nini kifungu cha mafuta kimekwisha mwezi wa saba wa bajeti. Wa pili anaunga mkono hoja.

Hela za mgodi zinaingiaje humo?

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001 chini ya Barrick. Mkataba wa wakati ule ulisema kampuni itailipa halmashauri si zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Iuze dhahabu nyingi isiuze, bei ipande isipande, kiasi kilikuwa hicho hicho.

Mwaka 2014 kampuni ilikubali kuanza kulipa ushuru wa huduma kwa kiwango cha sheria, ambacho wakati huo kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Mgodi ukiuza dhahabu ya shilingi bilioni 100, asilimia 0.3 ni shilingi milioni 300. Ukiuza ya bilioni 500, ni bilioni moja na nusu. Kumbuka hayo ni mauzo, sio faida. Kwa hiyo hata kampuni ikisema mwaka huu imepata hasara, ushuru huu unalipwa.

Ila una ubaya wake. Mgodi ukilala, na ushuru unalala. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na mwaka huo huo Bulyanhulu ikapunguza shughuli, wafanyakazi wengi wakarudi majumbani. Halmashauri iliyokuwa imepanga bajeti kwa kutegemea ushuru wa mgodi lazima iliisikia hiyo. Baada ya makubaliano ya Januari 2020 ikawepo kampuni ya Twiga, ambayo serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84, na uchimbaji wa chini ukaanza kurudi taratibu mwishoni mwa 2020.

Mbali na ushuru, kuna mfuko wa pili ambao watu wanauita CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii. Huu sio ushuru. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalisema kampuni lazima iandae mpango kila mwaka na ukubaliwe na halmashauri. Halmashauri inaupitia, inaupitisha na kusimamia utekelezaji. Barrick kwa upande wake imesema inatenga dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa. Zamani kampuni iliweza kujenga inachotaka inapotaka, halafu ikapiga picha. Sasa lazima orodha ipite mezani kwa madiwani, na Kamati ya Fedha ni moja ya meza hizo.

Ombi la matumizi linapita njia gani?

Tuchukue mfano wa zahanati. Wananchi wamechanga, wamesomba mawe na mchanga, wamesimamisha kuta. Hilo tunaliita boma. Wanataka hela ya kupaua.

1. Jambo linaanza kwenye Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Lisipoandikwa kwenye muhtasari hapa, huko juu halipo.
2. Linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, na wenyeviti wa vijiji wamo. Hapa vijiji vinagombea vipaumbele.
3. Wataalamu wa wilaya wanaliweka kwenye rasimu ya bajeti, au wanaliacha.
4. Kamati za kisekta zinalipitia. Zahanati inaenda kwa Elimu, Afya na Maji.
5. Kamati ya Fedha inaangalia: hela ipo? Kifungu kipo? Na nani anapunguziwa ili huyu aongezewe?
6. Baraza la Madiwani linapitisha.
7. Bajeti inakwenda mkoani, TAMISEMI, mpaka Bungeni. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.

Bajeti kupita sio mwisho. Katikati ya mwaka huja maombi ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine. Mfano, hela iliyotengwa kupaua zahanati inaombwa ikatengeneze gari la ofisi. Ombi kama hilo linaletwa mbele ya kamati hii, kwenye kikao ambacho wewe na mimi hatumo. Mstari mmoja tu kwenye kabrasha, na boma linakaa mwaka mwingine bila bati.

Mimi nimeishi kijiji kimoja cha kanda hii, jina naliacha, ambacho boma lake lilikaa mpaka mche wa mpapai ukaota ndani ya chumba cha wajawazito. Akina mama waliendelea kupanda bodaboda usiku kufuata huduma mbali. Kila mwaka tuliambiwa bajeti imepita. Hatukujua kwamba swali sahihi sio "imepita?" bali "ilihamishiwa wapi, kikao cha tarehe ngapi?"

Kuna neno lingine mtalisikia: fedha mbichi. Ni makusanyo yanayotumika kabla hayajapelekwa benki. Mtu amekusanya ushuru wa mazao gulioni, analipia mafuta hapo hapo, karatasi zitafuata. Ni kosa, hata kama mafuta yenyewe yalikuwa ya gari la wagonjwa, kwa sababu hela isiyoingia benki haionekani kwenye taarifa ya kamati. Diwani hawezi kuhoji asichokiona.

Asilimia 10 ya vijana, akina mama na walemavu

Hii inatuhusu moja kwa moja. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018, halmashauri ikalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyolipika nchi nzima, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Sasa unganisha na habari ya ushuru. Ushuru wa mgodi ni mapato ya ndani. Kila shilingi ya mapato ya ndani inayopotea njiani inapunguza na fungu la vijana. Ukiona kikundi chenu kimeambiwa hela hakuna, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: robo hii halmashauri imekusanya kiasi gani, na asilimia 10 yake imepelekwa?

Haya, na ajira je?

Kuna watu wanaamini diwani anaweza "kumpachika" mtu. Tuweke sawa nani anamweka nani.

Mkurugenzi anateuliwa kutoka juu. Tumezoea kusikia majina yao kwenye taarifa ya Ikulu. Madiwani hawamchagui, na hapo ndipo kwenye mvutano wa kila siku: waliochaguliwa na wananchi wanamsimamia mtu ambaye hawakumleta. Mkuu wa Wilaya naye anateuliwa na Rais, na sio mtumishi wa halmashauri kabisa.

Walimu na wahudumu wa afya wanaajiriwa kitaifa, kwa kupitia TAMISEMI na Sekretarieti ya Ajira. Kamati yetu haigusi.

Mwenyekiti wa Kijiji anachaguliwa kwa kura. Mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Madiwani walichaguliwa 29 Oktoba 2025.

Mtendaji wa Kijiji ndiyo ajira tunayogombea sana sisi vijana. Halmashauri ikipata kibali cha ajira hutangaza, na tangazo huwa na sahihi ya Mkurugenzi. Sifa zinazotajwa kwenye matangazo mengi ni kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, hutajwa mara nyingi. Cheti cha form four peke yake hakitoshi. Na usijaribu cha kuchonga. Aprili 2017 ulifanyika uhakiki, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi nchi nzima.

Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inaingia wapi hapo? Lile neno "Uongozi" halikuwekwa kama pambo. Mbele yake huja taarifa za ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa na waliopo. Huja pia mambo ya kuthibitishwa kazini, kupandishwa vyeo, na nidhamu ya watumishi. Mtendaji aliyekula michango ya sekondari, jalada lake linapita huku kabla ya Baraza kumkatia shauri.

Likifika Barazani utasikia Mwenyekiti anatangaza kwamba Baraza sasa linakaa kama kamati. Maana yake wageni, waandishi na wananchi wote tokeni nje. Jambo la mtumishi linajadiliwa kwa siri, na kwa haki, maana mtu hajatiwa hatiani. Lakini uamuzi wenyewe sio siri. Wakirudi kwenye kikao cha wazi, Mwenyekiti anatakiwa aseme wameamua nini. Asiposema, mkumbushe diwani wako.

Mambo ambayo kamati hii haihusiki nayo

Tusiwaonee madiwani. Barabara za vijijini tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Ile barabara kubwa ya kutoka Kahama kuja Kakola ni ya TANROADS. Maji vijijini tangu 2019 ni RUWASA. Leseni za madini ni za Tume ya Madini. Diwani anaweza kupiga kelele, lakini hela hizo haziko kwenye kabrasha lake. Na zabuni hazitolewi na madiwani. Wao wanaletewa taarifa ya manunuzi na kuhoji. Diwani anayekuahidi tenda anakudanganya, au anavunja sheria.

Nani anawakagua wao?

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, anakagua halmashauri zote na ripoti inafika Bungeni mwezi wa nne. Halmashauri inapewa hati. Ikiitwa hati safi, watu wanapiga makofi. Taratibu kwanza. Hati safi inasema vitabu vimeandikwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba zahanati yenu imepauliwa. Zaidi ya hati kuna hoja za ukaguzi, na hizo ndizo za kusoma. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inaweza kuwaita wakurugenzi wakajibu hoja hizo. Ripoti zinawekwa kwenye tovuti ya ofisi ya CAG, bure. Dakika 30 za kafe zinatosha kutafuta jina la halmashauri yako.

Sasa wewe unaingia wapi?

Vikao vya kamati kwa kawaida ni vya wajumbe. Hutaingia. Ila una sehemu nne za kushika.

*Kabla ya kamati:* Mkutano Mkuu wa Kijiji, kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hapo. Vijana tunauacha kwa wazee, halafu tunalalamika vijiweni. Jambo lako liingie kwenye muhtasari.

*Kwa diwani:* mfuate kabla ya kikao, sio baada. Muulize agenda ya mwezi huu, na kama kuna ombi la kuhamisha fedha linalogusa kata yetu.

*Barazani:* mkutano wa Baraza ni wa wazi. Unakaa, unasikiliza, unaandika. Huruhusiwi kuchangia, lakini diwani anayejua kuna mtu wa kata yake amekaa nyuma na daftari, anafungua kabrasha mapema.

*Kwa barua:* Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Andika kitu kimoja kinachoeleweka. "Naomba kiasi cha ushuru wa huduma kilichopokelewa robo ya kwanza na miradi iliyopangiwa" kinajibika. "Mmekula hela zetu" hakijibiki, na kinampa mtu sababu ya kukufukuza mlangoni.

Kamati ya Fedha haichimbi dhahabu, haiajiri walimu na haijengi barabara. Kazi yake ni kukubali au kukataa wakati jambo bado ni karatasi. Baada ya hapo linakuwa hela, na hela ikishatoka tunabaki na CAG, na CAG anakuja mwaka unaofuata. Kwa hiyo tukisubiri Baraza tumechelewa kidogo, tukisubiri ripoti tumechelewa sana, na tukisubiri kampeni ndiyo basi tena.

Wa Nyang'hwale, Geita, Mbogwe na Ushetu, utaratibu kwenu ni huu huu, jina la halmashauri tu ndilo linabadilika. Kama kuna aliyewahi kuandika barua ya kuomba taarifa, aweke hapo chini alijibiwaje na baada ya siku ngapi. Matusi tuache, namba tulete.

Kazi kwenu wadau.